UMA WA KWATZI NA UPIMAJI WA MZUNGUKO

Katika karne ya 11 al-Biruni, bingwa wa elimu za nyota, hesabu na madini, aliandika kitabu juu ya vito. Humo alieleza kwamba bilauri iliyochongwa na mafundi wa Basra ililetwa kutoka visiwa vya Zanj na visiwa vya Dibajat, yaani ya kwanza kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki na ya pili kutoka Maldivi. Bilauri hiyo ilikuwa jiwe jeupe, gumu, lenye kupenya nuru kama maji safi, na watu wenye mali walilipenda kwa vikombe na mitungi. Neno lenyewe limebaki katika Kiswahili, ingawa leo aghalabu hutumika kwa gilasi ya kunywea. Wataalamu wa madini huliita jiwe hilo kwatzi. Ni mwungano wa silikoni na oksijeni, na chembe nyingi za mchanga wa duniani ni za asili hiyo hiyo.

Jiwe lililopendwa zamani kwa uzuri wake limepewa katika siku za karibuni kazi ambayo mafundi wa Basra wasingeiwaza. Kipande chake chembamba, kisichozidi urefu wa ukucha, hukatwa kwa umbo la uma, hutetemeshwa kwa umeme, kisha hufungiwa katika kikopo kisicho na hewa. Kikopo hicho kikitiwa ndani ya gari, ndege au kamera, hueleza kila mara chombo kinapogeuka, na kwa kasi gani. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uma huo unavyofanya kazi, jinsi unavyopangwa vipimo vyake, na kwa nini kosa dogo katika vipimo hivyo laweza kuwa jambo la kufa na kupona.

Swali lenyewe

Mtu aliyefungiwa katika chumba kisicho na dirisha atajuaje kwamba chumba kinageuka? Hana nyota ya kutazama wala ufuo wa kulinganisha. Dira humwonyesha upande wa kaskazini, lakini hupotoshwa na chuma kilicho karibu, nayo haikimbilii kutoa habari chombo kinapogeuka ghafla. Basi yahitajiwa kitu ambacho chenyewe, bila kutazama nje, kinasikia mgeuko.

Jawabu la kwanza lilikuwa pia. Kila mtoto aliyecheza pia ameona kwamba ikizungushwa kwa kasi husimama wima na hukataa kulazwa. Mwaka 1852 Léon Foucault, mwanasayansi wa Ufaransa, alitengeneza gurudumu zito lililozunguka kwa kasi katika pete zilizoweza kugeuka kila upande, akaonyesha kwamba mhimili wa gurudumu hilo hubaki na mwelekeo wake huku Dunia ikigeuka chini yake. Chombo hicho alikiita jairoskopu. Kwa muda wa miaka mingi merikebu na ndege ziliongozwa na vyombo vya jamaa hiyo.

Walakini gurudumu lina taabu zake. Sharti lizungushwe daima, na penye kuzunguka pana msuguano, na penye msuguano pana kulika. Vikalio vyake huhitaji mafuta na ufundi wa hali ya juu, na bei yake hulingana na ufundi huo. Chombo cha namna hiyo chafaa ndege kubwa, lakini hakiwezi kutiwa katika kila gari la barabarani.

Jawabu la pili lilitoka kwa mtu yule yule. Foucault aliona kwamba fimbo nyembamba iliyoshikwa katika mashine ya kukerezea, ikiisha kutikiswa, huendelea kutikisika katika upande ule ule hata fimbo yenyewe ikizungushwa. Kumbe basi si lazima kitu kizunguke ili kikumbuke mwelekeo wake; yatosha kitetemeke. Viumbe walitangulia kuitumia njia hii. Nzi ana mabawa mawili tu, na mahali pa mabawa ya nyuma ana vijiti viwili vyenye vichwa kama virungu, navyo hupiga juu na chini pamoja na mabawa. Tangu karne ya 18 ilijulikana kwamba nzi aliyekatwa vijiti hivyo hawezi kuruka sawasawa. Mwaka 1948 J. W. S. Pringle wa Uingereza alieleza sababu: vijiti hivyo ni vipima-mzunguko, na mishipa iliyo katika shina lake humwarifu nzi kila anapopinduka.

Nguvu inayosukuma kwa ubavu

Nguvu itumikayo hapa ina jina la Gaspard-Gustave de Coriolis, ambaye mwaka 1835 alieleza hesabu yake. Msomaji awaze jukwaa la mviringo linalozunguka polepole, na mtu aliyesimama katikati yake. Mtu huyo akianza kutembea kuelekea ukingoni, kila hatua humfikisha mahali ambapo sakafu yaenda kwa kasi zaidi kuliko pale alipotoka, kwa hiyo sakafu haina budi kumsukuma kwa ubavu ili aende sawa nayo. Tena njia yake yenyewe inageuzwa pamoja na jukwaa, na jambo hili nalo lahitaji msukumo wa ubavuni wa kiasi kile kile. Misukumo miwili ikijumlishwa hupatikana kanuni iliyo nyepesi: mchapuko wa ubavuni ni mara mbili ya kasi ya mwendo ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko. Akirudi katikati, msukumo hugeuka na kuwa wa upande wa pili. Akisimama, hausikiki.

Basi kitu kinachokwenda na kurudi mara nyingi kwa sekunde, kikizungushwa, kitasukumwa ubavuni mara nyingi vile vile, huku na huku. Mzunguko ukiwa mkubwa msukumo huwa mkubwa. Mzunguko ukigeuka upande, msukumo nao hugeuka. Atakayeupima msukumo huo ameupima mzunguko.

Kwa nini meno mawili

Uma wa sauti ulibuniwa mwaka 1711 na John Shore, mpiga tarumbeta wa Uingereza, ili wapigaji wa muziki wapate sauti moja ya kulinganishia vyombo vyao. Ukigongwa, meno yake mawili hukaribiana na kuachana, na mpini hubaki karibu umetulia kabisa. Hapo ndipo ilipo hekima ya umbo hilo. Jino moja likitetemeka peke yake hutikisa kila linapofungwa, na nguvu yake humwagika nje kama maji katika ndoo iliyotoboka. Meno mawili yaendayo kinyume hushindana nguvu sawa kwa sawa, na mpini haupati sababu ya kwenda upande wowote. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na jino moja halipimi mzunguko.

Uma huo ukisimamishwa katikati ya lile jukwaa, meno yake ni kama watu wawili waliopeana migongo, mmoja akienda mashariki na mwenziwe magharibi, kisha wote wakarudi pamoja. Jukwaa likizunguka, mmoja husukumwa mbele na mwingine nyuma, na warudipo husukumwa kinyume. Yaani meno yatetemekayo kulia na kushoto huanza kutetemeka pia mbele na nyuma, kila moja likipingana na lenziwe.

Faida nyingine hupatikana hapo. Gari likipita katika shimo, mshtuko huyasukuma meno yote mawili upande mmoja. Mzunguko huyasukuma pande mbili zilizo kinyume. Kwa hiyo fundi akipanga nyaya zake zipime tofauti ya meno mawili, si jumla yao, mishtuko hujifuta yenyewe na mzunguko hubaki. Ni lazima meno yawe sawa kweli kweli. Yakitofautiana, shimo la barabarani litasomwa kama kona.

Kwa nini kwatzi

Uma waweza kutengenezwa kwa chuma, na wa kwanza waliojaribu njia hii, katika Marekani karibu na mwaka 1950, walitumia madini. Lakini kwatzi ina sifa tatu ambazo ni nadra kukutana katika kitu kimoja.

Ya kwanza iligunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie. Fuwele ya kwatzi ikibanwa hutoa umeme katika nyuso zake. Na kinyume chake, ikitiwa umeme hurefuka au hufupika. Kwa hiyo jiwe moja laweza kuwa nyundo na sikio pamoja: umeme hulitikisa, na linapotikiswa hutoa umeme. Kurefuka huko ni kudogo mno. Volti 1 ikipitishwa katika upana wa nusu milimita hurefusha fuwele kwa sehemu tano hivi tu katika sehemu bilioni 1. Lakini umeme ukipigwa kwa mwendo ule ule ambao uma wenyewe hupenda kutetemeka, kila pigo huongeza juu ya lililotangulia, kama mtu asukumaye bembea kwa wakati wake, na mtetemo hukua mara maelfu.

Sifa ya pili ni uaminifu wa mtetemo. Katika ombwe uma wa kwatzi waweza kutetemeka mara makumi ya maelfu kabla ya nguvu yake kufifia. Kitu kipotezacho nguvu kidogo huhitaji kusukumwa kidogo, na msukumo mdogo huleta makosa madogo.

Ya tatu ni kwamba joto haliisumbui sana. Uma mdogo uliomo katika saa za mkononi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Joto likitoka nyuzi 25 za Selsiasi hadi 45, mwendo wake hupungua kwa sehemu 14 hivi tu katika milioni. Silikoni hubadilika zaidi sana isiposaidiwa kwa hesabu za kusahihisha.

Kwatzi itumikayo leo haichimbwi sana ardhini. Wakati wa vita vikuu vya pili vya dunia redio za majeshi zilitegemea fuwele zilizotoka Brazil, lakini baadaye ilipatikana njia ya kuikuza kwatzi katika mitungi ya chuma yenye maji ya moto na kanieneo kubwa mno, ambamo fuwele huota polepole kwa majuma mengi. Fuwele iliyokuzwa hivyo haina nyufa wala uchafu, na mihimili yake hujulikana. Jambo hili la mihimili si dogo. Kwatzi haifanani pande zote: upande mmoja huitikia umeme, upande mwingine hauitikii kabisa. Bamba hukatwa kwa namna ambayo urefu wa meno hulala katika mhimili unaorefuka na upana wake katika mhimili unaopokea umeme. Anayekata bila kuangalia mihimili atapata uma mzuri wa kutazamwa, usiofanya kazi.

Vipimo vya jino

Mwenye kupanga uma huanza na urefu na upana. Kanuni ya jino lililoshikwa upande mmoja ni hii: idadi ya mitetemo kwa sekunde hukua kwa kadiri ya upana, na hupungua kwa kadiri ya urefu uliozidishwa kwa urefu. Jino likirefushwa mara mbili, mitetemo hushuka kuwa robo. Kwa kwatzi, jino lenye urefu wa milimita 6.6 na upana wa nusu milimita hutetemeka karibu mara 10,000 kwa sekunde.

Kwa nini kadiri hiyo? Kelele za dunia, kama vile ngurumo za injini na mitikisiko ya barabara, nyingi ziko chini ya mara elfu chache kwa sekunde, na yafaa uma uwe mbali nazo. Lakini ukipandishwa mno, jino huwa fupi na gumu, mwendo wake huwa mdogo, na msukumo wa Coriolis hauwezi kulipinda kiasi cha kupimika. Hapa, kama katika sehemu nyingi za kazi hii, mpangaji hachagui lililo bora. Huchagua hasara atakayoweza kuivumilia.

Yafaa msomaji aone udogo wa kitu kinachotafutwa. Tuseme ncha ya jino huenda sehemu ya elfu ya milimita kila upande, mara 10,000 kwa sekunde. Kasi yake kubwa kabisa ni sentimita 6 hivi kwa sekunde. Chombo kikigeuka digrii 1 kwa sekunde, mchapuko wa ubavuni ni mdogo kuliko ule wa uzito wa Dunia kwa mara 4,000 na zaidi. Ukilinganishwa na mchapuko wa mtetemo wenyewe, ni sehemu 1 katika 1,800,000. Kazi ya chombo ni kusikia mnong'ono huo pembeni mwa ngoma.

Pengo baina ya mitetemo miwili

Jino lina mitetemo miwili: ule wa kusukumwa, kulia na kushoto, na ule wa kusikiliza, mbele na nyuma. Wa kwanza hufuata upana wa jino, wa pili hufuata unene wake. Mtu angedhani kwamba jambo bora ni kuifanya iwe sawa kabisa, ili msukumo wa Coriolis uupate mtetemo wa pili katika mwendo wake wenyewe na kuukuza mara elfu kumi. Wengi wamevutwa na wazo hilo. Lakini kitu kinachoitikia kwa nguvu namna hiyo huitikia pia polepole. Uma unaokuza mara 10,000 kwa mwendo wa mitetemo 10,000 hauwezi kufuata badiliko lolote lililo la haraka kuliko nusu mara kwa sekunde. Gari litakuwa limekwisha teleza na kupinduka kabla ya chombo kutoa habari. Tena joto likisogeza mtetemo mmoja kidogo tu mbali na mwenziwe, ukuzaji huo wote hubadilika.

Kwa hiyo mitetemo miwili hutengwa kwa makusudi. Wa kusukumwa ukiwa chini ya wa kusikiliza kwa sehemu 5 katika 100, ukuzaji ni mara 10 hivi tu. Lakini chombo huweza kufuata mabadiliko ya mamia kadhaa kwa sekunde, na joto halikitishi. Ili kupata pengo hilo, jino lenye upana wa nusu milimita hupewa unene wa milimita 0.526. Tazama sasa jinsi nafasi ya kukosea ilivyo finyu. Upana ukizidi kwa sehemu 5 za elfu za milimita, kiasi kisichofika unene wa unywele, pengo hushuka kutoka 5 hadi 4 katika 100, na ukuzaji hupanda kwa karibu robo nzima. Uma mbili zilizotoka katika bamba moja zingetoa hesabu mbili kwa mgeuko mmoja. Ndiyo sababu kila chombo hupimwa peke yake juu ya meza inayozunguka kwa kasi ijulikanayo, na hesabu yake ya kusahihisha huandikwa katika kumbukumbu yake.

Adui wa ndani

Meno hayakatwi kwa msumeno. Tangu karibu mwaka 1970, ilipoanza kutumika kwa saa za mkononi, njia iliyoenea ni ile ifananayo na upigaji picha. Bamba hupakwa kromi na dhahabu, sura ya uma huchapwa juu yake kwa nuru, na asidi yenye florini hula sehemu zisizofunikwa. Mamia ya uma hutoka pamoja katika bamba moja, na hii ndiyo sababu ya bei yake kuwa nafuu.

Lakini asidi haili kwatzi sawasawa. Huchimba upesi kwenda chini na polepole kwenda ubavuni, na katika ubavu mmoja wa jino huacha kigongo kidogo ambacho ubavu wa pili hauna. Kigongo hicho ndicho adui mkubwa wa kipima-mzunguko. Jino lisilo na mlingano halitetemeki kulia na kushoto tu. Huenda mshazari kidogo, na mshazari huo hutokea hata chombo kikiwa kimetulia mezani. Mshazari wa sehemu 1 katika 1,000, ambao jicho haliwezi kuuona, huonekana katika nyaya sawa na mzunguko wa digrii 1,800 kwa sekunde, yaani mizunguko mitano kamili kila sekunde.

Wokovu hutoka katika wakati. Msukumo wa Coriolis hufuata kasi, kwa hiyo huwa mkubwa jino linapopita katikati ya mwendo wake. Kosa la mshazari hufuata mahali, kwa hiyo huwa kubwa jino linapofika mwisho na kusimama kabla ya kurudi. Moja likiwa kileleni, jingine ni sifuri. Nyaya hupangwa zisikilize katika saa ya Coriolis na zizibe masikio katika saa ya mshazari. Hata hivyo saa hiyo sharti iwe kamili. Kwa mfano huo wa digrii 1,800, nyaya zikichelewa kwa sehemu 1 katika 6,000 ya mtetemo mmoja, zitaingiza uongo unaokaribia digrii 2 kwa sekunde. Kwa hiyo mafundi hawategemei nyaya peke yake. Hupaka dhahabu kidogo katika ncha za meno, kisha huichoma kwa nuru ya leza punje kwa punje, mpaka meno yaende sawa na mshazari ufifie.

Umbo la H

Ipo shida nyingine. Umeme unaosukuma meno ni volti nzima, na umeme unaotolewa na msukumo wa Coriolis ni mdogo mno. Vyote viwili vikipita katika jino moja, ule mkubwa huvuja na kuufunika mdogo. Katika vyombo vilivyotengenezwa na kampuni ya Systron Donner ya California, jawabu lilikuwa kuunganisha uma mbili kwa migongo, zikawa kama herufi H katika jiwe moja. Meno ya upande mmoja husukumwa. Chombo kikigeuka, jino moja husukumwa juu na lenziwe chini. Kupishana huko husokota kiunganishi cha katikati, nacho huyatikisa meno ya upande wa pili juu na chini. Meno hayo ya pili hayapewi umeme wowote. Kazi yake ni kusikiliza. Bamba zima hushikwa katikati, mahali pasipo na mwendo, ili nguvu isimwagike nje na mitikisiko ya nje isiingie.

Kosa dogo na maisha ya watu

Sasa yaweza kuelezwa kwa nini taabu yote hiyo. Gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa katika kona yenye nusu-kipenyo cha mita 100 hugeuka digrii 11 na nusu hivi kwa sekunde. Dereva akiwa amegeuza usukani kwa kona hiyo na gari likageuka digrii 5 tu, magurudumu ya mbele yanateleza. Likigeuka 20, nyuma inaponyoka. Mtambo wa breki ukiyajua hayo mapema waweza kukaza gurudumu moja tu, la upande ufaao, na kulirudisha gari katika njia yake kabla dereva hajatambua hatari. Mwaka 1995 mtambo wa namna hiyo, wa makampuni ya Bosch na Mercedes-Benz, ulianza kutiwa katika magari ya bei kubwa. Mwezi wa Oktoba 1997 gari dogo la Mercedes-Benz, A-Class, lilipinduka huko Sweden katika jaribio la gazeti moja la magari la kukwepa kizuizi cha ghafla, na baada ya hapo kampuni ikautia mtambo huo katika kila gari la aina hiyo. Sheria ya Marekani imelazimisha mtambo huo katika magari madogo yote mapya tangu yale ya mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya tangu Novemba 2014.

Uma wa kwatzi ulikuwa mmoja wa vipima-mzunguko vilivyowezesha jambo hilo, kwa kuwa ulipunguza bei ya kitu kilichokuwa cha ndege hadi kikafaa gari. Lakini msomaji aangalie pia upande wa pili. Mtambo unaokaza breki kwa amri ya uma huamini uma. Uma ukisema gari lageuka wakati linakwenda sawa, breki zitakazwa upande mmoja katika barabara iliyonyoka, na mtambo uliowekwa kuokoa ndio utakaotumbukiza. Kwa sababu hii chombo hufundishwa kujichunguza: nyaya husikiliza daima kama meno yanatetemeka kwa kadiri yake, na zikiona shaka hunyamaza na kuwasha taa ya kumwonya dereva. Chombo kinachokiri kwamba hakijui ni salama kuliko kinachosema uongo kwa uhakika.

Hata uma mzuri haukosi kosa dogo la kudumu. Kosa la sehemu 1 katika 100 ya digrii kwa sekunde si kitu katika kona ya sekunde tano. Likijumlishwa kwa saa moja huwa digrii 36, na merikebu iliyokusudia kwenda mashariki itakuwa inaelekea kwingine kabisa. Mwaka 1997 kigari kidogo Sojourner kilitembea juu ya sayari ya Mirihi kikiwa na kipima-mzunguko cha kwatzi cha jamaa hii. Mwelekeo wake ulikosea kidogo kidogo kadiri kilivyotembea, na wahandisi waliokuwa Duniani waliusahihisha kwa kutazama picha zilizopigwa na chombo kilichokipeleka. Kwa kasi ya kugeuka uma ni shahidi mwema. Kwa safari ndefu yahitajiwa nyota, dira au picha za kumsahihisha.

Siku hizi vipima-mzunguko vingi vya simu na vya magari vimetengenezwa kwa silikoni, iliyo rahisi zaidi kwa viwanda vya elektroniki. Kwatzi imebaki mahali ambapo utulivu katika joto na baridi wathaminiwa kuliko bei, kama vile katika ndege na katika baadhi ya kamera. Lakini sheria zilizoelezwa hapa, yaani meno mawili yaliyo sawa, pengo baina ya mitetemo, na kutenganisha mnong'ono na ngoma kwa wakati wake, ni zile zile kwa silikoni na kwa kwatzi. Aliyezifahamu katika uma wa jiwe atazitambua pia ndani ya simu iliyomo mfukoni mwake, na akimtazama nzi akigeuka hewani atajua ni kitu gani kinachomwongoza.